Kutembea, joging ya kikundi, jimu au kidumu cha nyumbani: uchague nini hedhi inapokoma

Suruali iliyokukaa vizuri mwaka juzi leo haifungi kifungo. Unapanda kwenye mizani, unakuta kilo ni zilezile, au zimeongezeka mbili tu. Mikono imelegea, tumbo limetangulia. Wanawake wengi wa miaka 45 hadi 55 wanaijua hali hii, na wengi huanza kwa kujilaumu: nimekula mno, nimekuwa mvivu. Kisha ushauri unamiminika. Shoga anakwambia tembea. Binti anakwambia nenda jimu. Mwenzako wa kikoba ameingia kikundi cha joging, kila Jumapili anatuma picha akiwa amevaa fulana ya kikundi, na wewe umebaki hujui ushike lipi.

Nimeweka hapa njia nne ambazo mwanamke wa mjini, na hata wa mji mdogo, anaweza kuzipata kweli. Kila moja nimeipima kwa vigezo vilevile. Ninaandikia zaidi mtu wa Dar es Salaam kwa kuwa ndiko ninakokujua, lakini aliyeko Mombasa, Nairobi au Unguja hatapotea njia.

Kwanza, tumbo hili limetoka wapi?

Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Kabla ya hapo kuna miaka kadhaa ya mpito: mwezi huu inakuja, ule haiji, usiku unaamka shuka imelowa jasho. Katika kipindi hicho homoni ya estrojeni hupanda na kushuka ovyo, halafu hushuka moja kwa moja. Homoni hiyo ndiyo iliyokuwa inapeleka mafuta kwenye nyonga na mapaja. Ikipungua, mafuta huhamia tumboni, na sehemu yake hujipanga ndani kabisa, kuzunguka ini na utumbo, mahali ambapo huchochea presha na kisukari.

Nchini Marekani kuna utafiti mkubwa uitwao SWAN, uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi tangu katikati ya miaka ya 1990. Ulionyesha kwamba katika kipindi cha mpito mafuta huongezeka kwa kasi kubwa kuliko awali huku misuli ikipungua, ilhali uzito wenyewe hauruki ghafla. Mafuta yanaingia, misuli inatoka, mizani inasoma palepale. Ndiyo maana suruali inakataa hata kama kilo hazijasogea. Mifupa nayo haibaki nyuma: katika miaka mitano hadi saba baada ya hedhi kukoma, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake, bila maumivu yoyote ya kumwamsha.

Kwa hiyo ukichagua mazoezi kwa kuuliza tu "yapi yanapunguza kilo haraka", utachagua vibaya. Mwanamke anayejinyima chakula kwa mwezi mzima anaweza kushuka kilo nne, sehemu yake ikiwa ni misuli ileile aliyokuwa anaihitaji.

Vigezo vitano

Cha kwanza ni misuli na mifupa: je, zoezi hili linavijenga, linavilinda tu, au halivigusi?

Cha pili ni kiuno. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida, usome. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 ni dalili ya kuangalia. Kuanzia 88 hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari huwa kubwa zaidi. Pima mara moja kwa mwezi. Inatosha.

Cha tatu ni magoti, mgongo na kibofu. Kibofu nakitaja makusudi, maana ndicho kinachowatoa wanawake wengi mazoezini bila kusema.

Cha nne ni joto la ghafla na usingizi. Hapa tusidanganyane: mapitio ya tafiti ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, ya mwaka 2014 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba mazoezi huondoa lile joto linalopanda kifuani hadi usoni. Yanaweza kusaidia usingizi na kuituliza roho, na hilo si dogo kwa mtu anayeamka saa nane usiku akitafuta upepo. Tutakachouliza kwa kila njia ni kama joto likikupanda katikati ya zoezi utafanyaje.

Cha tano ni fedha, muda na macho ya watu.

Na kipimo cha jumla ni kile cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2020: kwa wiki, dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Watu hukariri zile dakika 150 na kuisahau nusu ya pili ya sentensi.

Kutembea kwa kasi

Raba tu, na njia. Dar kuna wanaopenda ufukwe wa Coco asubuhi, kuna wanaovuka Daraja la Tanzanite tangu lifunguliwe mwaka 2022, kuna wanaopanda na kushuka vilima vya Chuo Kikuu pale Mlimani. Mombasa wana ufukwe wa Mama Ngina, Nairobi wana msitu wa Karura. Na asiyekuwa karibu na pazuri hivyo anashuka basi la mwendokasi vituo viwili kabla ya kwake.

*Misuli na mifupa.* Miguu inanufaika, nyonga kidogo. Mikono, mabega na mgongo havipati kitu. Kutembea kunapunguza kasi ya hasara, hakurudishi kilichokwenda. Ukiongeza kilima au ngazi unapata zaidi.

*Kiuno.* Kunasaidia, mradi iwe ni kutembea kweli. Kasi inayotakiwa ni ile ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kutembea kwa madaha mkipiga umbea ni kuzuri kwa urafiki, ila moyo hausikii. Halafu kuna hesabu ambayo haipendezi: mwanamke wa kilo 75 akitembea haraka kwa nusu saa anachoma takriban kilokalori 130 hadi 150. Chapati moja ya mafuta inazidi hapo.

*Magoti, mgongo na kibofu.* Hapa kutembea kuna nafasi nzuri kuliko njia zote nne. Goti linalouma kidogo mara nyingi hufurahia kutembea kwenye ardhi tambarare. Kibofu nacho kinatulia.

*Joto na usingizi.* Alfajiri kuna ubaridi, na mwanga wa asubuhi unausaidia mwili kujua saa ya kulala. Mchana wa Dar usijaribu. Joto likipanda njiani, unapunguza mwendo, unalegeza mtandio, unakunywa maji, unaendelea.

*Fedha, muda na macho ya watu.* Bure. Ukiwa na dera au baibui hakuna anayekushangaa. Kikwazo ni usalama: saa kumi na moja alfajiri kuna giza, mbwa, na bodaboda zinazopita pembeni ambako ndiko ulikojitenga. Tafuta mwenzako mmoja.

Kunamfaa anayeanza kutoka sifuri, mwenye presha au sukari inayodhibitiwa, mwenye goti bovu, na yule ambaye ratiba yake haina saa maalumu.

Joging na aerobiki za kikundi

Ukiamka mapema Jumapili hapa Dar utawasikia kabla hujawaona: filimbi, nyimbo za kuitikiana, vishindo vya raba kwenye lami. Kwa waliosoma shule za msingi za Tanzania huu ni mchakamchaka uliorudi ukiwa na fulana za rangi moja. Zanzibar utamaduni huu una mizizi zaidi. Wana siku yao ya kitaifa ya mazoezi kila Januari mosi, vikundi vikiandamana barabarani. Vingine havikimbii kabisa, ni aerobiki uwanjani na spika kubwa. Nikushauri tu: mwalimu akiweka singeli, ule muziki wa kasi sana, na wewe ndio wiki yako ya kwanza, fanya pigo moja kati ya mawili. Hakuna aliyekuja kukukagua.

*Misuli na mifupa.* Kuruka na kukimbia hutikisa mfupa, na mfupa hupenda kutikiswa. Kwa mwanamke ambaye mifupa yake bado mizima, kigezo hiki kinakwenda vizuri kuliko kutembea. Misuli ya juu inategemea mwalimu: wapo wanaoweka pushapu na mazoezi ya tumbo mwishoni, wapo wanaoruka tu mwanzo mwisho.

*Kiuno.* Moyo unafanya kazi hasa, na dakika 75 za nguvu zinapatikana katika asubuhi mbili. Tatizo ni kwamba vikundi vingi hukutana mara moja kwa wiki, na mara hiyo moja huishia kwenye supu, chapati mbili na soda. Soda ya kola ya nusu lita ina gramu 50 hivi za sukari. Sisemi msile supu. Supu ndiyo inayowaleta baadhi ya watu, na nyama na mchuzi havina ubaya. Soda ndiyo ya kuulizwa.

*Magoti, mgongo na kibofu.* Hapa ndipo panapotaka ukweli. Mwanamke aliyezaa watoto watatu kwa njia ya kawaida, estrojeni imeshuka, anaambiwa aruke mara ishirini huku akipanua miguu. Ruka ya tano mkojo unachuruzika. Utamwona ameinama anafunga kamba za raba ambazo hazijafunguka. Wiki ijayo anasema ana msiba, inayofuata haji tena. Hali hii ni ya kawaida na ina tiba: kaza misuli unayoitumia kuzuia mkojo, shikilia sekunde chache, achia; mara nane, raundi tatu kwa siku, kwa miezi mitatu angalau. Unaweza kuifanya ukiwa kwenye daladala na hakuna atakayejua. Isipobadilika, mwone daktari wa wanawake. Wakati huo, badala ya kuruka, piga hatua pembeni. Sidiria inayoshika vizuri na pedi nyembamba havina aibu.

Goti lililovimba au mfupa uliowahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu ni sababu ya kuacha njia hii mpaka upimwe.

*Joto na usingizi.* Joto likikupanda katikati ya watu hamsini wanaotoka jasho, umefichika kabisa. Huo ni unafuu ambao watu hawausemi. Na kicheko kile cha asubuhi kinafanya kazi yake: wapo ambao mpito huu umewaletea huzuni na hasira zisizo na sababu, na kikundi kimewatoa ndani.

*Fedha, muda na macho ya watu.* Kuna mchango mdogo na fulana. Kuna pia mahudhurio, faini ya kuchelewa katika baadhi ya vikundi, na ujumbe wa "vipi leo hatukukuona?" Hicho ndicho kinachowafanya watu wadumu. Asiyependa kuchanganyika na wanaume aulize. Vikundi vya wanawake watupu vipo, ila si kila mtaa.

Kinamfaa anayechoka haraka akiwa peke yake, ambaye magoti yanaruhusu, na ambaye yuko tayari kuongeza siku mbili nyingine nyumbani.

Jimu ya vyuma

Wanawake wa rika hili huiogopa jimu kuliko njia nyingine zote, na ndiyo inayojibu moja kwa moja kile kinachopotea. Nitakaa hapa kidogo.

*Misuli na mifupa.* Msuli hukua ukibebeshwa mzigo unaoushinda kidogo, na mfupa ulioshikamana nao hupata amri ya kujikaza. Nchini Australia ulifanyika utafiti uitwao LIFTMOR, uliochapishwa mwaka 2018. Wanawake waliokwisha kukoma hedhi, wenye mifupa iliyopungua, walinyanyua vyuma vizito na kufanya mazoezi ya kutua kwa kishindo kwa dakika 30, mara mbili kwa wiki, kwa miezi minane. Mifupa ya uti wa mgongo wao iliimarika, huku ya wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ikipungua. Wale walikuwa chini ya uangalizi wa karibu, wakaanza pole pole. Usisome hapa ukaenda kesho kunyanyua chuma cha kilo 50.

Hofu ya "nitakuwa kama mwanaume" iweke kando. Mwanamke hana testosteroni, homoni ya kiume, ya kumjaza misuli ya namna hiyo, na baada ya miaka 50 hata kuongeza kidogo ni kazi.

*Kiuno.* Chuma hakichomi mafuta mengi kwa saa ileile. Faida yake ni kulinda misuli wakati unapunguza chakula, ili kinachoondoka kiwe mafuta. Mizani inaweza isisogee kwa wiki kadhaa huku futi ya fundi ikisogea. Hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema.

*Magoti, mgongo na kibofu.* Inategemea kocha kwa asilimia kubwa. Kocha mzuri atakuuliza presha, magoti, uzazi na kama umewahi kuvunjika kabla hajakugusisha chuma. Kocha mvivu atakupandisha kwenye mashine ya kukimbilia, ataweka dakika arobaini, atarudi kwenye simu yake. Muulize: "Nitafanya nini cha miguu, cha kusukuma, cha kuvuta na cha kunyanyua kutoka chini?" Akibabaika, tafuta mwingine. Anza na uzito unaoweza kuunyanyua mara nane hadi kumi na mbili, zile mbili za mwisho zikiwa ngumu. Toa pumzi wakati unanyanyua. Kubana pumzi hupandisha presha na kusukuma kibofu.

*Joto na usingizi.* Kaa karibu na feni au kiyoyozi. Unapumzika kati ya raundi na raundi, kwa hiyo joto likija lina mahali pa kupitia. Usiende usiku sana kama unajijua usingizi ni wa mashaka.

*Fedha, muda na macho ya watu.* Jimu za mtaani nyingi hukubali malipo ya kutwa, na hiyo ndiyo namna ya kuanza. Usilipe mwaka mzima Januari. Za hoteli na maduka makubwa ni ghali, ila zina bafu safi na wakati mwingine saa za wanawake. Macho yapo: vijana, vioo pande zote, muziki wa kupasua masikio. Ukienda kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa mwenye nafasi hiyo, utakuta pako kimya.

Inamfaa aliyeambiwa mifupa imepungua lakini daktari ameruhusu, anayepunguza uzito kwa kubadili chakula, na anayeweza kulipia angalau mwezi wa kwanza wa kocha.

Kidumu nyumbani

Kidumu cha mafuta ya kula cha lita tano kina mpini tayari. Ukikijaza maji ni kilo tano na kitu. Ukikijaza mchanga mkavu kinafika saba au nane. Anza na lita tatu. Raundi yenyewe iko hivi:

Keti kwenye kiti cha plastiki, mikono kifuani, inuka bila kushika popote, mara kumi. Ikizoeleka, kumbatia kidumu. Kisha weka kidumu katikati ya miguu, sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango wa gari, mgongo ukiwa umenyooka, shika mpini, inuka. Halafu pushapu za ukutani. Zikiwa nyepesi hamia ukingo wa meza nzito, baadaye sakafuni. Shika kiti kwa mkono mmoja, kwa mwingine vuta kidumu kutoka chini hadi ubavuni, badili. Maliza kwa kubeba vidumu viwili, kimoja kila mkono, kutoka mlangoni hadi getini na kurudi, mabega yakiwa yametulia. Raundi mbili au tatu, dakika 25 hivi, siku mbili hadi tatu kwa wiki zisizofuatana.

*Misuli na mifupa.* Kwa aliyeanza, kinakwenda karibu na jimu kwa miezi ya mwanzo. Baadaye mzigo unaishia hapo na mwili umeshazoea. Itabidi uhamie kwenye ndoo, au jimu.

*Kiuno.* Kama jimu: polepole, na kwa msaada wa chakula.

*Magoti, mgongo na kibofu.* Salama ukiongeza taratibu, lakini hakuna anayekuangalia mgongo. Mwambie binti akupige video ukiinua, ujione.

*Joto na usingizi.* Feni yako, maji yako, kanga kifuani. Hakuna njia nyepesi kuliko hii.

*Fedha, muda na macho ya watu.* Bure, na hakuna macho. Lakini hakuna anayekusubiri pia. Mjukuu analia, sufuria inachemka, simu inaita, na kidumu kinarudi kuwa cha maji ya akiba.

Kinamfaa mwenye watoto au mgonjwa wa kuuguza ndani, asiyependa kutazamwa, na aliyeko mbali na jimu. Kina kipimo chake kizuri pia: keti kwenye mbuzi ya nazi, ukune, kisha inuka bila kushika goti. Anayeswali ajiangalie anavyoinuka kutoka sijda. Ukiona mwezi huu unainuka vyepesi kuliko uliopita, misuli inarudi, hata kama mizani imenuna.

Kuogelea sijakuweka kwenye orodha kwa kuwa wengi wetu, hata wa pwani, hatuna bwawa wala hatukufundishwa. Anayejua na aendelee: magoti yanashukuru, moyo unanufaika, maji yanapoza joto. Ila maji yanabeba uzito wako, kwa hiyo mfupa haupati kazi, ongeza kidumu.

Njia yoyote utakayoshika, sahani inakuja nayo

Kwa mazoezi peke yake tumbo hupungua kidogo sana. Huhitaji kuacha ugali wala wali wa nazi. Punguza kipimo, ujaze nafasi kwa mchicha, kisamvu, matembele. Ongeza protini kila mlo, maana msuli haujengwi kwa chapati: maharage, choroko, mayai, samaki, mtindi. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao wanakupa na kalsiamu humohumo. Kisha hesabu sukari ya chai. Vijiko vitatu, vikombe vitatu kwa siku, umekaribia gramu 40, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa sukari ya kuongeza isizidi takriban gramu 25.

Zile chai za "kuyeyusha tumbo" zinazouzwa mtandaoni ziache. Baadhi yake ni sanamaki tu, dawa ya kuharisha. Kinachopungua ni maji.

Kabla hujafunga kamba za raba

Pima presha na sukari. Presha ikiwa 180/110 au zaidi, ahirisha mazoezi, nenda hospitali. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi inayokatika unapopanda ngazi ni vya kumwona daktari kwanza. Na damu ikitoka, hata tone, baada ya mwaka mzima bila hedhi, usisubiri na usiseme "imerudi". Nenda ukachunguzwe. Kama joto na kukosa usingizi vinakunyima hata nguvu ya kuanza, muulize daktari kuhusu tiba ya homoni au dawa nyingine. Tiba ya homoni si dawa ya kupunguza uzito, lakini aliyelala usiku ndiye anayeweza kuamka alfajiri.

Kwa hali yako

Kama hujafanya mazoezi kwa miaka, anza kutembea dakika kumi, ongeza kila wiki. Ukifika nusu saa, ingiza kidumu siku mbili. Usianze vyote pamoja.

Kama magoti yanauma, tembea tambarare na ufanye zoezi la kiti kwa nguvu zote. Paja lenye nguvu hulibebea goti mzigo. Joging iache kwa sasa.

Kama mkojo unakusumbua, jimu kwa pumzi sahihi au kidumu chepesi, na yale mazoezi ya kukaza kila siku. Kikundi unaweza kubaki nacho bila kuruka.

Kama umeambiwa mifupa imepungua, nenda jimu yenye kocha anayejua, kwa ruhusa ya daktari. Usijikunje mbele ukiwa na mzigo, na mazoezi ya tumbo ya kulala chali na kuinuka yaache.

Kama tatizo lako ni upweke na roho nzito, kikundi kwanza, hata kikiwa na kasoro zote nilizozitaja. Vyuma vitafuata.

Kama una fedha kidogo na muda kidogo, tembea unapokwenda kazini, fanya kidumu Jumanne na Ijumaa.

Na kama wewe ni mama lishe, muuza samaki au mkulima, unasimama na kubeba tangu alfajiri, usiongezewe kilomita za kutembea, unazo. Kinachokosekana mara nyingi ni mazoezi ya kuvuta na kusukuma kwa mpangilio, mara mbili kwa wiki, dakika 15 zinatosha kuanzia, pamoja na mlo wa mchana wenye protini unaoliwa umekaa, na usingizi. Jioni ukifika nyumbani, anza na kukaa.